Neno Hiari Niliandika Mimi

Ijumaa ile habari ilinikuta mahali ambapo habari zote hunikuta: kitandani, juu ya blanketi, mkono mmoja una simu na mwingine una kikombe cha chai. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua. Miaka minane Doha, na bahari ya mji huu naijua zaidi kwa picha za wenzangu. Kazi yangu iko stoo ya mashuka ya hoteli moja, chini kabisa, kusikokuwa na dirisha. Basi la kampuni linanichukua mlangoni na kunirudisha mlangoni, na siku ya mapumziko mlango huohuo naufunga kwa ndani. Ujumbe ulikuwa wa mistari miwili tu. Uliandikwa na Mkenya mmoja anayeshughulikia shida za wenzake hapa, ambaye sote tunamwita Mwenyekiti ingawa hakuna aliyempigia kura. Jirani yako wa zamani, yule nesi, amefariki asubuhi hii hospitalini, Al Wakrah. Nikaweka kikombe chini. Kisha nikakichukua tena, nikanywa. Sijui kwa nini nawaambieni hili. Labda kwa sababu ndilo jambo pekee nililoweza kulifanya kwa saa nzima.

Tulikuwa majirani mtaa wa Muaither, kwenye nyumba moja kubwa ambayo mwenyewe aliikata kwa mbao ikawa vyumba kumi na kimoja na jiko moja. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwenzake anasema afya. Yeye alikuwa anamuuguza mzee wa Kiqatari nyumbani kwa mzee huyo, kazi ya mchana. Kwao Kenya alikuwa muuguzi wa hospitali ya serikali, na alikuja huku kwa likizo bila malipo, ile ambayo mwajiri anakutunzia nafasi yako na wewe unaendelea kuchangia bima ya watumishi kama kawaida. Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi wa lugha. Alisimama mlango wa jikoni akaniuliza, "Ile kitu ya kusongea ugali iko wapi?" Mimi ni mtu wa Tanga. Elimu yangu ni kidato cha nne, na katika matokeo yangu kuna alama moja tu ninayoweza kumwonyesha mtu bila kuifunika kwa kidole, nayo ni ya Kiswahili. Nikamjibu kwamba hicho kitu ni kile, si ile, na kinaitwa mwiko. Akaniangalia kwa huruma, kama daktari anavyomwangalia mgonjwa mwenye kiburi. "Lakini si umeelewa?" Nikasema nimeelewa. "Basi kazi ya lugha imeisha. Leta mwiko, Mwalimu." Tangu siku hiyo jina langu likawa Mwalimu, na mwiko ukawa haurudi mahali pake.

Nilimtania kwa Kiswahili chake, naye alinitania kwa uvivu wangu wa kutoka. Alikuwa mtembezi. Ijumaa yake ilikuwa metro, soko, kanisa, kutazama watu. Akirudi ananisimulia mji ninaokaa kana kwamba nipo Tanga na yeye ndiye aliyesafiri. Aliwahi kuniletea mchanga kidogo kwenye mfuko wa nailoni, akauweka mezani, akasema hiyo ndiyo Doha, nisije nikafa bila kuigusa. Nikaugusa. Nikamwambia inatosha.

Mwaka wa pili wa ujirani wetu, Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, wenzetu wote wametoka na jikoni tupo wawili, mimi nachambua maharage, akaniuliza swali ambalo nililichukulia kuwa la lugha. "Mwalimu, kwenu mtu wa kike aliyekupita miaka kidogo mnamwitaje?" Nikamwambia dada. Akaokota jiwe moja kwenye maharage yangu, akaliweka pembeni. "Basi mimi ndiye huyo." Nyumba nzima tulikuwa tunamwita kaka. Pasipoti yake ilisema mwanamume, kitambulisho chake cha ukazi kilisema mwanamume, chumba chake kilikuwa upande wa wanaume. Nilipekua Kiswahili chote ninachojivunia, nikaambulia hili: "Chai utakunywa?" Akasema atakunywa. Nikapika chai, nikatia tangawizi nyingi mno, tukainywa hivyohivyo huku machozi yanatutoka, na kila mmoja akasingizia tangawizi.

Kidogo kidogo alinieleza. Kwamba alijijua tangu utotoni. Kwamba kwao walikuwapo wauguzi wenzake wachache waliojua, na daktari mmoja aliyeanza kumtibu kwa dawa za homoni, akimpima damu kila baada ya muda na kumfuatilia. Lakini matibabu yale hayakuwamo katika bima ya watumishi, mfuko wake ukashindwa, ndipo akaja Ghuba kutafuta. Akaja kutafuta namna ya kuwa yeye mahali ambapo hawezi kumwambia mtu kuwa ni yeye. Hapa hakuwa na daktari wa kumwendea kwa jambo hilo. Alikuwa na vidonge alivyokuja navyo, na vingine vilivyoletwa na watu ambao hawakujua wamebeba nini, na akavigawa kwa akili ya kinesi. Mimi nilichofundishwa madrasa nakijua, na sikukaa leo kubishana na mtu. Sikuyaelewa yote aliyoniambia. Mengine sijayaelewa hata sasa. Lakini nilielewa kwamba mtu aliyekaa mbele yangu anaumwa na jambo lenye dawa, na dawa yenyewe iko nyuma ya karatasi. Tukikaa wawili nikawa namwita dada. Mara ya kwanza nilipotamka, alikuwa anakoroga uji, akaacha kukoroga. Uji ukaungua. Hakunilaumu.

Sasa niwaeleze karatasi yenyewe, maana ndiyo iliyoniketisha kuandika. Kamati ya mafao ya watumishi wa kule kwao ilitangaza kwamba wanachama walete mapendekezo ya huduma za kuongezwa kwenye bima yao. Aliisoma taarifa ile kwa sauti, amesimama, na mimi nimelala, ukuta katikati yetu. Kisha akaja chumbani kwangu na kitabu cha kanuni kwenye simu. Bima ile ilikuwa inalipia miwani. Inalipia meno, uzazi, presha, kisukari cha mzee aliyekula sukari kwa furaha yake miaka arobaini na hakuna aliyemuuliza kama alitaka. Alitaka waongeze mambo matatu tu kwa watu wa hali yake: kumwona daktari, vipimo, na dawa. Hoja ya Kiingereza aliiandika mwenyewe, akaweka na maneno ya yule daktari wake. Lakini mkutano wa wanachama ungekuwa wa Kiswahili, kwa sababu wapiga kura wengi ni madereva, wapishi, wafagiaji wa wodi, mafundi wa bomba, na hoja ingesomwa mbele yao kwa lugha yao. "Yangu watacheka," akaniambia. "Hii ya 'ile kitu' watacheka kabla hawajasikia. Andika wewe, Mwalimu. Wakikubali, mimi narudi. Narudi wodini kwangu, natibiwa kama watu." Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: karatasi moja ikipita, anarudi nyumbani, isipopita, anabaki huku na vidonge vyake.

Niliandika Ijumaa tatu. Sijawahi kuandika kitu kwa unadhifu ule, hata barua ya posa, ambayo kwa taarifa yenu ilikataliwa. Yeye alikuwa ananiambia maana, mimi naivika nguo. Na hapo kwenye nguo ndipo nilipoharibu. Nilijiweka mahali pa dereva aliyekaa kwenye benchi la nyuma ukumbini, nikawaza: huyu akisikia habari hizi atashtuka, ataona wanataka kumlazimisha mtu, au wanataka kumlazimisha yeye. Nikataka kumtuliza. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huo, hatupeleki jambo zito bila kulifunika kitambaa. Kwa hiyo kila alipotaka niandike matibabu, nikaandika matibabu ya hiari. Ombi la kuongeza matibabu ya hiari. Mwanachama atakayetaka kwa hiari yake mwenyewe. Nililirudia mara nne, na kila nilipolirudia nilijiona muungwana zaidi.

Alipoisoma alisimama kwenye neno hilo. "Hiari?" Nikamweleza kwamba maana yake hakuna anayelazimishwa, ni neno la adabu, linafungua mlango. Alifikiri kidogo. Nakumbuka alivyofikiri, kidole chake kiko juu ya neno lenyewe. "Mimi sikuchagua, lakini." Nikamwambia hilo linajulikana, limo ndani ya maelezo, hapa tunalainisha tu. Akainua kidole. "Sawa. Wewe ndiye mwenye lugha."

Mkutano ulifanyika, na mwenzake mmoja wa wodini akampigia simu kumsimulia. Alinisimulia nami, amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Katibu alisoma hoja ya Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu walisikiliza vizuri, kimya, hata yule mwenzake akaanza kuwa na matumaini. Kisha mjumbe mmoja akanyanyuka, wala si mtu mbaya, ni fundi bomba ambaye marehemu aliwahi kumfunga kidonda, akasema, "Kama ni ya hiari, si alipe kwa hiari yake?" Ukumbi ukacheka. Mikono ikahesabiwa huku watu bado wanacheka. Barua ya kamati ilikuja baadaye, ya heshima kabisa, ikitaja kifungu cha kanuni: matibabu ya hiari, kama vile ya urembo, hayamo katika mafao ya mwanachama. Kumbe neno langu la adabu lilikuwa na maana yake pale kitambo, limekaa ndani ya kitabu cha kanuni linamngoja mtu mjuaji alilete kwa mkono wake. Katika lugha ya bima, hiari ni kung'arisha meno. Kitabu kile nilikuwa nacho kwenye simu, alinitumia. Sikukisoma. Nilikuwa nimelala.

Nilimwomba radhi mpaka akachoka. Aliniambia ninyamaze. Akasema hata kama ningeandika lazima, wangepata neno lingine, maana aliyetaka kucheka hakosi la kuchekea. Huenda ni kweli. Huenda alikuwa ananiuguza, kazi ni kazi. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sipati upande wa kulilalia. Tuandike upya, nikamwambia, tufafanue, tupeleke tena. Akasema hoja ikikataliwa hairudi mpaka mapitio mengine ya mafao, na hakuna anayejua ni lini. Kisha akasema lile lake, lakini safari hii bila kicheko. "Si wameelewa, Mwalimu? Basi kazi ya lugha imeisha." Wahenga walituonya kwamba ulimi huponza kichwa. Hawakutuambia kwamba kichwa chenyewe kinaweza kuwa cha jirani.

Mzee aliyekuwa anamuuguza alihamia kwa mwanawe Al Wakrah, na nesi wake akahama pamoja naye. Ukuta wetu ukapata Mnepali mmoja mpole asiyepiga chafya. Tukawa watu wa simu. Kila wiki alinialika. Alikuwa na mapumziko Ijumaa, na mimi Ijumaa, na Al Wakrah ni kituo cha mwisho cha metro; alinielekeza kama anavyoelekezwa mtoto, panda, kaa, usishuke mpaka treni ikatae kwenda, hata ukilala utafika. Nilikuwa na sababu. Ijumaa moja jua kali. Ijumaa nyingine kikohozi. Ijumaa ya mwisho, mimi ambaye siku sita kwa wiki nashinda katikati ya mashuka yaliyofuliwa na wengine, nilimwambia nina nguo za kufua. Alicheka sana kwa hilo. Halafu akasema mguu wake mmoja umekuwa mzito, umevimba kidogo, labda ni kusimama. Nikamuuliza kama amemwona daktari. Akasema, "Nikamwambie natumia nini?" Nikakaa kimya, na kimya changu kikawa ndicho jibu lililokwenda Al Wakrah. Akasema atapumzika. Wiki hiyohiyo damu ikaganda mguuni, ikapanda mapafuni. Kama ni vile vidonge visivyokuwa na mtu wa kuvifuatilia, au ni mambo ya Mungu tu, mimi wa stoo ya mashuka nitajulia wapi. Yeye angejua. Nadhani alijua.

Kwa hiyo nilifika Al Wakrah. Nilipanda, nikakaa, sikushuka mpaka treni ikakataa kwenda. Ni safari fupi hata ni aibu, ndugu zangu. Wakenya walikusanyika kwenye sebule moja kumwombea kabla mwili haujasafirishwa, na Mwenyekiti, ambaye alikuwa hajalala siku mbili akihangaikia vibali vya ndege, alikuwa ameniomba niandike wasifu wa marehemu kwa Kiswahili, kwani kila mtu alijua kwamba mimi ndiye ambaye marehemu alikuwa akimwita Mwalimu. Niliuandika kwa hila. Kiswahili chetu kina huruma moja ambayo sikuwahi kuijali: yeye ni yeye. Alizaliwa, alisoma, aliuguza, alipendwa. Hakuna mahali kinapokulazimisha useme ni wa kiume au wa kike. Niliandika ukurasa mzima wa mwenzetu, muuguzi wetu, jirani yetu. Sikusema uongo hata mmoja, na sikumtia mtu matatani. Nikajiona walau mara hii lugha nimeitumia vizuri.

Mwenyekiti akaupitia karibu na dirisha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanisifu. Kisha akatoa kalamu mfukoni. "Hapa juu umesahau neno, Mwalimu," akasema kwa upole, na kabla sijafungua mdomo akaandika mbele ya jina: kaka yetu mpendwa. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo karatasi za safari zilivyosema, ndivyo sanduku lilivyoandikwa, ndivyo alivyomjua. Ningeweza kusema nini, na kwa nani, sebuleni kwa watu, katika nchi ya watu? Nilisimama nikamsikiliza akiusoma. Alipofika kwenye kaka, nilikuwa naangalia viatu vyangu, vipya kabisa, vina miaka mitano.

Mnaweza kuniuliza nimepata wapi ruhusa ya kuandika. Alinipa yeye. Siku tulipomaliza ile hoja, kabla mambo hayajaharibika, alisema siku moja nitaiweka habari yake kwenye safu yangu, nisitaje jina, nibadilishe mawili matatu, na nisimwandikie maua. Nimebadilisha mawili matatu. Nimewaandikia pia kamati ya mafao, mimi nisiyekuwa mwanachama wa chochote isipokuwa kitanda changu, nikaeleza kwamba neno lile lilikuwa la mwandishi, si la mwombaji. Wamenijibu kwa adabu ileile. Wamenipa pole, na kunijulisha kwamba kwa kuwa mwanachama husika amefariki, faili limefungwa. Wapo wengine, bila shaka, kwenye wodi nyingine na ofisi nyingine za serikali, wanaochangia bima ileile kila mwezi na kusubiri mapitio ambayo hayana tarehe. Sina la kuwafanyia. Naweza kuwaambia tu kwamba wakipata mtu wa kuwaandikia, wamchague asiye na adabu nyingi, na kidole chao kikisimama juu ya neno wasikiinue mpaka neno lenyewe litoke.

Kwenye safu hii hakuna mwenye kalamu ya kunisahihisha, kwa hiyo niliandike mwenyewe: alikuwa dada yangu. Na lile neno hiari, ambalo nilipewa alama nzuri kwa kulijua, nimejifunza maana yake nikiwa mtu mzima, kwenye kiti cha treni inayorudi mjini nusu tupu. Alivyozaliwa haikuwa hiari. Dawa haikuwa hiari, wala mguu kuvimba. Hiari ilikuwa ni mimi Ijumaa zile zote, nimelala, na treni ya Al Wakrah inapita.